Baba watoto, studio ya sebuleni na hela ya kiwanja

Mwezi huu naomba niwakaribishe sebuleni kwangu, hapa Ukonga, maana lililotukuta naamini lipo kwenye nyumba nyingi za vijana, zile ambazo mmoja ana kazi ya mchana na ndoto ya usiku.

Mume wangu ni mhasibu. Hiyo ni mchana. Usiku, watoto wakishalala, yeye ni prodyuza. Anakaa kwenye meza ya kulia chakula, anafungua laptopu yake na kutengeneza mdundo. Nasema mdundo, sisemi wimbo, kwa sababu katika miaka minne ya ndoa sikuwahi kuusikia ukifika mwisho. Ni zile sekunde nane zilezile, tu-ka-tu-tu-ka, mpaka saa sita usiku. Mimi niko chumbani nimejifunika mto kichwani, na juu ya bati ndege ya mwisho inashuka uwanjani.

Sasa Ijumaa moja akarudi kazini anang'aa. "Mama, kuna mchongo." Kuna mtu Kariakoo anauza seti nzima: kompyuta ya mtumba yenye nguvu, kibodi ya muziki, spika mbili za studio, na ndani "programu zote za muziki duniani zimeshawekwa". Bei milioni moja na laki nne. Tena anampunguzia kwa sababu wanafahamiana.

Wapenzi wasomaji, kwenye akaunti yetu ya pamoja kulikuwa na milioni moja na nusu. Hiyo ilikuwa awamu ya mwisho ya kiwanja chetu cha Chanika. Tulikuwa tumeikusanya kwa miezi kumi na minne, yeye akikatwa kwenye mshahara na mimi nikipitia kikoba. Nikajibu vibaya sana. Nikamwambia: "Kwa hiyo tukifukuzwa kwenye nyumba ya watu, wanao watalala ndani ya hizo spika?"

Akafunga laptopu. Siku tatu hatukusemeshana zaidi ya "chumvi iko wapi". Nyumba ya vyumba viwili ikinuna, hata paka anajua.

Ugomvi wenyewe ulianzia wapi

Ili mnielewe hasira yangu, rudini nami nyuma miaka miwili. Wakati huo alipata programu ya muziki kutoka kwa fundi mmoja wa mtaani. Elfu kumi na tano tu, inakuja kwenye fulashi, imeshavunjwa kufuli. Fundi akamwelekeza azime kinga ya virusi kwanza "ili isisumbue". Akazima. Wiki ya pili kompyuta ikaanza kujizima yenyewe, wiki ya tatu mafaili yote yakawa hayafunguki. Picha za mtoto wetu wa kwanza anajifunza kutembea, hamna. Ripoti yangu ya ofisini niliyoifanyia kazi nyumbani kwa siku nne, hamna. Midundo yake mwenyewe, hamna.

Kwa hiyo niliposikia "programu zote zimeshawekwa", mwenzenu nilisikia picha za mwanangu zikifutika mara ya pili.

Ni vizuri tuliseme hili wazi, maana huku kwetu tumeshalizoea hadi tunaliona ni halali. Programu ya kuvunjwa si ya bei nafuu. Kwanza, mlango uliotumika kuivunja ndio huohuo virusi vinapitia. Pili, haipati masahihisho kutoka kwa mwenyewe. Tatu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda nyimbo. Prodyuza anayelia kwamba biti lake limeibwa, huku amelitengenezea kwenye programu ya wizi, analia kwa sauti ya nani?

Niliuliza swali ambalo sikuwahi kuliuliza

Siku ya nne nikampikia samaki wa nazi, nikakaa naye pale mezani, nikamuuliza: "Baba, unataka kutengeneza nini hasa?" Si kwa kumkejeli. Nilikuwa sijui kweli, na miaka minne ilikuwa imepita bila kumuuliza.

Akanyamaza kidogo, halafu akaniambia. Mdogo wake wa kike, wifi yangu, ana sendofu baada ya miezi miwili na ushee. Mama yao yuko Songea, miguu inamsumbua na hataweza kusafiri. Amemrekodi mama kwenye simu akimuombea binti yake, dakika moja na nusu. Anataka kutengeneza wimbo ambao sauti ya mama inaingia katikati, upigwe ukumbini bibi harusi akiingia. "Kwa kompyuta hii nimeshindwa," akasema. "Ndiyo maana nikataka ile seti."

Nikaona aibu. Lakini hapohapo nikauliza swali la pili, la kikoba: "Ni kompyuta imeshindwa, au ni programu?" Hakuwa na jibu. Tukaanza kutafuta pamoja.

Hizi programu zinafanya nini

Kwa wake na waume wenzangu mnaosikia tu tu-ka-tu, hii ndiyo maana yake. Programu ya kupanga muziki, ambayo watu wa studio huiita sikwensa, ni kama daftari la maagizo. Unaandika ngoma ipigwe hapa, besi iingie pale, kinanda kinyamaze hapo, na kompyuta inapiga kwa mpangilio huo mara utakazotaka. Lugha inayotumika kati ya kibodi na kompyuta inaitwa midi, na imekuwepo tangu 1983. Midi haibebi sauti. Inabeba maagizo: noti gani, lini, kwa nguvu kiasi gani. Ndiyo maana ndege ikipita juu ya Ukonga mdundo hauharibiki. Ndege ni tatizo pale tu unapowasha maiki.

Na msidanganywe kwamba lazima uwe na studio ya mamilioni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, wakati Bongo Fleva inasimama, kijana wa pembezoni mwa Dar alikuwa na milango michache ya kugonga: MJ kwa Master Jay, Bongo Records kwa P-Funk Majani, Soundcrafters kule Temeke. Kompyuta za nyumbani ndizo zilizoongeza milango. Mwaka 2003 kule Marekani, 9th Wonder alitengeneza mdundo wa "Threat" uliopo kwenye albamu ya Jay-Z, The Black Album, kwa kutumia FruityLoops, programu ambayo wakati huo wengi waliiona ya kitoto. Na hapahapa kwetu, singeli yenye mapigo 200 na zaidi kwa dakika ilipikwa kwenye vyumba vidogo vya uswahilini. Mwaka 2017 mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, ulitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala na ukasikilizwa mpaka Ulaya. Vyumba vile si vikubwa kuliko sebule yangu.

Tulizozipima

Ya kwanza ni hiyo FruityLoops yenyewe, iliyobadilishwa jina mwaka 2003 ikawa FL Studio. Inatengenezwa na Image-Line ya Ubelgiji. Kwa midundo ni tamu ile mbaya: unaona vijisanduku vimejipanga, unabonyeza, ngoma inalia. Mtu hata asiyejua muziki anapata kitu ndani ya nusu saa. Huna kibodi ya muziki? Vitufe vya kompyuta yako vinageuka kinanda. Sifa yake kubwa kwa mkoba ni kwamba ukinunua mara moja unapata matoleo mapya bila kulipa tena. Toleo la chini kwa miaka mingi limeuzwa kwa takriban dola 99, lakini soma jedwali la tofauti kabla hujalipa, maana ukitaka kurekodi na kuhariri sauti kikamilifu unapelekwa kwenye toleo la Producer, ambalo bei yake inakaribia mara mbili. Toleo la kujaribu ni la bure na halina kikomo cha siku, ila lina mtego mmoja: unaweza kuhifadhi kazi yako, lakini ukiifunga huwezi kuifungua tena mpaka ununue. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mume wangu hakuwahi kumaliza wimbo. Kila usiku alikuwa anaanza upya! Jamani, miaka yote nilidhani ni uvivu.

Ya pili ni LMMS. Hii ni bure kabisa, imetengenezwa na watu wanaojitolea tangu 2004, na mpangilio wake unafanana na FL. Haikupi mtego wa kuhifadhi na haikuombi senti. Kwa anayejifunza, au anayetaka midundo mitupu ya kuwauzia vijana wa mtaani, inatosha sana. Udhaifu wake ni kwenye sauti ya mtu. Imejengwa kwa ajili ya kupanga ala, si kurekodi mwimbaji. Wapo wanaorekodi sauti kwenye Audacity, ambayo nayo ni bure, kisha wanaiingiza. Inawezekana, lakini unajikuta unahama chumba kila dakika.

Ya tatu ni Reaper. Aliyeianzisha ni Justin Frankel, yuleyule aliyetuletea Winamp, ile ya kupigia mp3 enzi zetu za chuo. Faili la kuiweka kwenye kompyuta ni dogo mno, halifiki megabaiti 20, bando la siku linamaliza na linabaki. Inakubali kompyuta za kizamani. Inarekodi sauti, inapanga midi, inahariri. Unapewa siku 60 za kuijaribu ikiwa imefunguliwa yote. Siku zikiisha haijifungi. Inaendelea kukukumbusha kwamba muda umekwisha, na kulipa ni uaminifu wako. Leseni kwa mtu binafsi au biashara ndogo, ambayo mapato yake hayazidi dola 20,000 kwa mwaka, ni dola 60, na inabeba matoleo makubwa mawili. Ubaya wake: ukiifungua mara ya kwanza ni ya kijivu, kavu, haina ala nyingi ndani. Ala unatafuta mwenyewe. Zipo za bure na za halali, kama Vital, lakini lazima uwe na subira ya kuzitafuta na kujifunza.

Kwa ufupi pia: Waveform Free ya kampuni ya Tracktion ni ya bure na haikuwekei kikomo cha idadi ya nyimbo-sauti unazopanga. Na kama nyumbani kwenu mna kompyuta ya Mac, GarageBand ni bure. Msitoe hata shilingi kabla hamjaishinda hiyo.

Sisi tulichagua nini

Wimbo wa sendofu unahitaji sauti ya mama, kwa hiyo LMMS peke yake ikatoka. FL ya kurekodi ilizidi mfuko wetu wa mwezi ule. Tukabaki na Reaper, na hesabu ikajileta yenyewe: siku 60 za majaribio, na sendofu siku 66 mbele. Nikamwambia, "Baba, hizo ndizo siku zako. Kiwanja tunalipa Jumatatu. Wimbo ukiisha, leseni nachangia nusu."

Akaniangalia kama siku aliyonitolea posa.

Hatukununua kompyuta. Laptopu yake ina ramu ya gigabaiti 4. Tukaongeza ikawa 8, na hiyo pekee ilibadilisha mambo. Tukanunua hedifoni za waya, si za bluetooth, kwa sababu za bluetooth zinachelewesha sauti: unabonyeza sasa, unasikia baadaye, huwezi kupiga kinanda hivyo. Tukaweka ASIO4ALL, programu ndogo ya bure inayopunguza ucheleweshaji kwenye Windows. Tukanunua diski ya nje, na hili nililisimamia mwenyewe: kila Jumapili kazi zake, ripoti zangu na picha za watoto vinanakiliwa humo, kisha diski inachomolewa na kuwekwa kabatini. Jumla ya yote hayo haikufika laki tatu, na ilitoka kwenye mshahara wa mwezi, si kwenye akaunti ya kiwanja.

Halafu tukapanga usiku. Jumanne na Alhamisi ni za studio, mimi nalaza watoto peke yangu bila kununa. Siku nyingine laptopu inafungwa saa tatu. Mwanzoni alilalamika kwamba siku mbili hazitoshi. Wiki ya tatu akakiri kwamba anafanya kazi zaidi kwa siku hizo mbili kuliko alivyofanya kwa saba, maana sasa anajua saa zinahesabika.

Aliporekodi sauti yake mwenyewe tulifungua kabati la nguo, akaingiza kichwa na maiki katikati ya magauni na vitenge vyangu, na nikakaa dirishani kumpa ishara ndege ikisikika. Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Nawaambia ukweli, tulikuwa hatujacheka hivyo kwa muda mrefu.

Kabla hamjatoa hela

Kwa wanandoa walio njia panda kama tuliyokuwa sisi, ulizaneni haya kabla ya kwenda dukani.

1. Anataka kumaliza kazi gani, na lini? Si "kufanya muziki". Wimbo upi, kwa ajili ya nani. Jibu hilo ndilo litakaloonyesha kama mnahitaji kurekodi sauti au midundo tu.

2. Toleo la kujaribu linaruhusu nini? Liwekeni, hifadhini kazi, zimeni kompyuta, washeni, muifungue tena. Jaribio hili la dakika tano lingeniokolea miaka.

3. Bei ni ya mara moja au ya kila mwezi? Zipo programu zinazodai kila mwezi kama kodi. Mwezi mlioishiwa ndio mwezi kazi zako zinafungiwa.

4. Mtalipaje? Nyingi zinauzwa kwa dola kwenye intaneti. Inahitajika kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni, au kadi za mtandaoni ambazo baadhi ya kampuni za simu wanazitoa siku hizi. Kadirieni kwa bei ya dola ya siku hiyo, na muulize makato.

5. Umeme ukikatika? Laptopu ina betri. Kompyuta ya mezani inataka yupiesi, na bei yake iingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Na la mwisho halina namba: hela ya jambo mlilokubaliana wawili haiguswi na mmoja, hata kama mchongo ni wa leo tu. Lakini na wewe unayeshika mkoba, usitumie mkoba kumnyamazisha mwenzio. Nilikuwa sahihi kuhusu ile seti. Sikuwa sahihi kumfanya aone kwamba anachokipenda ni takataka inayonisumbua usingizi.

Mnataka kujua iliishaje? Wimbo ulikamilika siku ya 57. Ukumbini, wifi yangu aliingia akitabasamu kwa wapiga picha, na sauti ya mama ilipotokea kati ya ngoma na kinanda, ikimtaja kwa jina lake la utotoni, alisimama palepale kwenye zulia. Mume wangu alikuwa nyuma kwa DJ, ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa meza ya mbele na kitambaa cha mezani machoni, sikujali rangi ya mdomo wala wanja.

Wiki iliyofuata tulilipia leseni, nusu kwa nusu kama tulivyokubaliana. Kiwanja cha Chanika kimeshalipwa, karatasi ziko kwenye lile kabati la diski. Tangu hapo ameuza mdundo mmoja kwa kijana wa singeli wa Gongo la Mboto, elfu arobaini, na mteja bado anadaiwa elfu kumi. Hatujatajirika. Juzi Alhamisi nilimpelekea chai pale mezani, akanivalisha hedifoni upande mmoja na kusema, "Sikiliza, huu nao umefika mwisho."

Tukutane mwezi ujao, panapo majaaliwa.